Punda Afe, Mzigo Ufike? Kilio cha Mbio za Farasi na Punda wa Endabash Asiye na Mashabiki

Endabash hakuna uwanja wa mbio za farasi. Hakuna jukwaa la VIP, hakuna wadada wenye kofia kubwa za manyoya, hakuna mtu anayechana mkeka kwa sababu farasi wake kashika namba mbili. Kata hii ya wilaya ya Karatu ina mashamba ya mahindi, maharage na mbaazi, ina barabara za udongo mwekundu, na ina punda. Alfajiri, kabla hata jua halijakaa sawa, sauti inayotangulia njiani ni ya kwato na madumu ya njano yakigongana ubavuni mwa mnyama.

Sasa shika simu yako. Farasi akianguka kwenye mbio kubwa Uingereza au Marekani, haipiti saa moja klipu imeshatua Kinondoni, imeshatua Arusha, na pale Karatu mjini kuna dogo kaiweka status na emoji tatu za kulia. Watu wanatokwa povu. Wengine wanataka mbio zifutwe, wengine wanatetea ajira za watu. Lakini punda akianguka na madumu manne kwenye mlima wa Endabash, hakuna anayetoa simu mfukoni. Anasukumwa, anachapwa fimbo mbili, anainuka, safari inaendelea.

Waswahili walishalisema zamani: punda afe, mzigo ufike. Siku hizi watu wanaitumia kujipa moyo wa kupambana, yaani hasoro. Ukiitazama vizuri, methali hiyo ni mkataba wa kazi. Upande mmoja kuna mzigo, upande wa pili kuna mnyama, na imeshaamuliwa mapema nani anaweza kufa. Mbio za farasi zina mkataba huohuo, kilichobadilika ni mzigo tu. Badala ya maji ni kombe, dau na sifa za tajiri mwenye farasi.

Je, kuna mtu amewahi kuuchana mkataba huo? Wapo. Na ukifuatilia historia yao utagundua kelele peke yake haijawahi kutosha. Muhimu zaidi ni nani anapiga kelele, na anampigia nani.

Kesi maarufu ya kwanza ilikuwa ya punda

Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ambayo wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa sheria za kwanza kabisa za bunge kumlinda mnyama dhidi ya ukatili. Aliyeisukuma ni Richard Martin, mbunge kutoka Galway, Ireland. Jamaa alikuwa mtata, mpenda kupigana kwa bastola na watu waliomkosea, lakini kwa wanyama alikuwa na moyo laini mpaka akapewa jina la utani lenye maana ya mtu wa utu. Wabunge wenzake walimcheka. Ikafika mahali mtu akitaja ulinzi wa punda bungeni, ukumbi mzima unaangua kicheko.

Sheria ikapita hivyohivyo, ikiwataja farasi, nyumbu, punda, ng'ombe na kondoo. Na Martin mwenyewe akaanza kuzunguka mitaani London kukamata watu. Kesi inayokumbukwa kuliko zote ni ya mchuuzi wa mtaani aliyempiga punda wake. Inasimuliwa kwamba mahakama ilipoanza kuichukulia kama kichekesho, Martin aliagiza punda aletwe ndani, watu waone majeraha kwa macho yao. Kicheko kikakata. Mchuuzi akapigwa faini. Miaka miwili baadaye, 1824, kikaanzishwa chama cha kupinga ukatili kwa wanyama, ambacho mwaka 1840 kilipewa hadhi ya kifalme na Malkia Victoria. Ndicho kinachoitwa RSPCA mpaka leo.

Stori nzuri. Ila itazame tena. Mtu aliyepandishwa kizimbani alikuwa mchuuzi masikini, na punda ndiye alikuwa ofisi yake. Wakati huohuo, pale Epsom na Newmarket, farasi wa mabwana wakubwa walikuwa wanachapwa mijeledi mbele ya maelfu ya watu, na ule ulikuwa unaitwa mchezo wa wafalme. Mwaka 1835 sheria ikapiga marufuku kupiganisha majogoo na kuwachokoza mafahali kwa mbwa, burudani za watu wa chini. Uwindaji wa mbweha kwa farasi na mbwa, burudani ya wenye mashamba makubwa, ulipigwa marufuku England na Wales kwa sheria ya mwaka 2004. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kilio cha wanyama kimekuwa na tabia hii ya kumfikia haraka mtu asiye na mtetezi, na kuchelewa kufika kwenye jukwaa la VIP.

Farasi walikuja kwetu, ardhi ikawagomea

Kuna sababu kwa nini Endabash kuna punda na hakuna farasi. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa na mbung'o, na juu yake ugonjwa wa virusi unaoenezwa na wadudu wadogo wanaouma, ambao humwangusha farasi ndani ya siku chache. Punda na pundamilia huustahimili vizuri zaidi. Ndiyo maana misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilitegemea zaidi mabega ya wapagazi. Pale mzigo ulipofika kwa gharama ya aliyeubeba, aliyeubeba alikuwa binadamu.

Wajerumani walipotawala hawakukubali kirahisi. Walijaribu kuwafuga pundamilia huku kaskazini, kuwavalisha lijamu na kuwafunga kwenye magari ya kukokotwa, wakiamini wamepata farasi asiyeugua. Pundamilia waligoma. Wanauma, wanapiga mateke, na hawana mpango wa kumzoea mtu. Mradi ukafa, na wajukuu wa wale wagomaji ndio watalii wanaowalipia dola kuwaona Ngorongoro.

Waliofanikiwa na farasi ni walowezi wa nyanda za juu za Kenya, ambako baridi ilipunguza wadudu. Mbio zilianza Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, na uwanja wa Ngong, chini ya Jockey Club of Kenya, ulifunguliwa miaka ya 1950. Mpaka leo ni moja ya sehemu chache kabisa Afrika Mashariki ambako utakuta mbio rasmi za farasi, zenye majoki, madau na picha za Instagram.

Punda hakuhitaji kuletwa na mkoloni. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2022 kwenye jarida la Science ulionyesha kwamba punda alifugwa kwa mara ya kwanza upande huu wa Afrika Mashariki, takribani miaka 7,000 iliyopita. Farasi tunaowajua leo wana asili ya nyika za Urusi ya kusini, karibu miaka 4,200 iliyopita. Maana yake punda alikuwa kazini zaidi ya miaka elfu mbili kabla ya farasi huyo kuvalishwa lijamu. Mkongwe wa ofisi, lakini mshahara haujawahi kupanda.

Kamera ilipoingia uwanjani

Kilichobadilisha mbio za farasi ni jicho la watu. Mei 2008, kwenye Kentucky Derby, farasi jike aitwaye Eight Belles alishika nafasi ya pili. Sekunde chache baada ya kuvuka mstari akavunjika miguu yote miwili ya mbele, na akauawa palepale uwanjani kumwondolea maumivu. Mamilioni walikuwa wanaangalia kwenye runinga. Mshindi alikuwa anapongezwa huku mshindi wa pili amelala kwenye udongo.

Ikaja Santa Anita, California. Kati ya mwisho wa Desemba 2018 na Juni 2019 farasi 30 walikufa katika msimu mmoja. Uwanja ukafungwa kwa sehemu kubwa ya mwezi Machi. Mabango yakasimama getini, wanasiasa wakaulizwa maswali. Desemba 2020 ikasainiwa sheria ya kuunda mamlaka moja ya kitaifa ya kusimamia usalama wa farasi na dawa wanazopewa, kitu ambacho Marekani haikuwa nacho muda wote huo.

Halafu ikaja Grand National ya Aprili 2023, pale Aintree, Liverpool. Wanaharakati waliparamia uzio kuzuia mbio, polisi wakakamata watu 118, mbio zikachelewa kama robo saa. Zilipoanza, farasi aitwaye Hill Sixteen akaanguka kwenye kiunzi cha kwanza kabisa, akafa. Hapo povu likawa la pande zote. Wanaharakati walisema, si tuliwaambia? Mkufunzi wa farasi akasema vurugu zao ndizo zilizompandisha mnyama presha. Kila upande ulimnyooshea mwenzake kidole, na farasi alikuwa ameshakufa. Mwaka uliofuata waandaaji walipunguza washiriki kutoka 40 hadi 34 na kukisogeza kiunzi cha kwanza karibu zaidi na mstari wa kuanzia, ili farasi wasifike pale wakiwa na kasi kubwa.

Kwa hiyo kelele zinafanya kazi? Zinafanya. Ila angalia zinarekebisha nini. Zinarekebisha kile ambacho kamera imekiona: kifo cha uwanjani, mjeledi wa mwisho mwisho, kiunzi kirefu. Farasi mzee aliyestaafishwa, au yule ambaye hakuwahi kuwa na kasi ya kutosha kufika uwanjani, maisha yake yanaishia mahali ambapo hakuna runinga.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanaijua vizuri hadithi hii kupitia ngamia. Kwa miaka mingi mbio za ngamia za Falme za Kiarabu na Qatar zilitumia watoto wadogo kama majoki, wengine wakisafirishwa kutoka Sudan, Bangladesh na Pakistan. Dunia ikapaza sauti, na kufikia 2005 nchi hizo mbili zikapiga marufuku watoto na kuleta roboti ndogo zinazofungwa mgongoni mwa ngamia. Mtoto akaokoka, na hilo ni jambo kubwa. Lakini roboti ile nayo ina mjeledi, na mwenye ngamia anauendesha kwa rimoti akiwa ndani ya gari linalokimbia sambamba. Ngamia wamebadilishiwa mchapaji tu.

Lamu: mbio na kliniki

Ukitaka kuona mbio za mnyama wa kwetu, nenda Lamu. Mji Mkongwe wa Lamu una vichochoro vyembamba ambavyo gari halipiti, hivyo punda ndiye lori, ndiye bodaboda, ndiye gari la taka. Mbio za punda ni sehemu ya sherehe za kisiwa hicho, likiwemo Tamasha la Utamaduni. Vijana wanapanda bila tandiko, umati unajaa ufukweni, na mshindi anatembea mtaani kama staa wa Bongo Fleva.

Punda wa Lamu walikuwa na hali mbaya. Vidonda vya mgongoni, minyoo, na wengine kula mifuko ya plastiki jalalani. Mwaka 1987 shirika la Uingereza linaloitwa The Donkey Sanctuary lilifungua kituo mbele ya bahari, punda akaanza kutibiwa bure.

Kipimo cha busara kilikuwa hapo. Wageni wale wangeweza kufika, kupiga picha za vidonda, na kudai punda waondolewe kazini. Mji ungesimama siku hiyohiyo. Badala yake waliweka dawa, na wakaanza mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote. Mwenye punda, ambaye zamani alisifiwa kwa kasi na uzito wa mzigo, akawa na kitu kingine cha kujivunia mbele ya majirani. Mbio bado zipo, na mabishano juu ya fimbo bado yapo. Ila mchapaji na mtetezi wanajuana kwa majina, na wanakutana kliniki.

Ngozi: kilio kilipohamia kwa wenye punda

Halafu likaja balaa lisilohusiana na mbio wala fimbo. China kuna bidhaa ya asili iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda, na inauzwa kama dawa na kipodozi. Soko lilipanuka, punda wa China wakapungua kutoka karibu milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanunuzi wakageukia Afrika.

Kuanzia mwaka 2016 Kenya ilifungua machinjio ya punda kwa ajili ya soko hilo, yakiwemo ya Mogotio, Baringo. Mengine yalikuwa Naivasha, Machakos na Turkana. Taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya, KALRO, ikatoa hesabu ya kutisha mwaka 2019. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda 301,977, sawa na asilimia 15.4 ya punda wote wa nchi. Walikuwa wanachinjwa kwa kasi mara tano ya wanavyozaliwa. Ripoti ikasema kwa mwendo huo punda wa Kenya wangeweza kuisha kufikia 2023.

Tanzania nayo ikawa na machinjio yake, Dodoma na Shinyanga. Bei ya punda ikapanda, na bei ikipanda, wezi wanaamka. Punda wakawa wanalala ndani na wenyewe. Familia zilikuwa zinaamka na kukuta kamba imekatwa, na siku nyingine mizoga iliyochunwa ngozi inakutwa porini. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukawa njia ya magendo ya punda, wakiswagwa usiku au kupakiwa kwenye malori kwa safari ndefu bila maji.

Na hapa ndipo historia ya kilio inapobadilika. Waliopiga kelele safari hii hawakuwa watazamaji wenye huruma wa mbali. Walikuwa wenye punda. Mama ambaye punda wake ameibiwa hakuhitaji kufundishwa ustawi wa wanyama. Yeye ndiye sasa anabeba dumu kichwani, au binti yake anakosa kipindi cha kwanza shuleni kwa sababu ya foleni ya maji. Mwanzoni mwa 2020 wenye punda wa Kenya waliandamana mpaka Nairobi, na mwezi Februari waziri wa kilimo akatangaza kufunga biashara hiyo.

Ushindi? Subiri kwanza. Mwaka 2021 wenye machinjio walikwenda Mahakama Kuu na marufuku ikatenguliwa. Vita ikaendelea. Serikali ya Tanzania nayo ikasitisha uchinjaji wa punda baada ya kuonekana wazi wanaelekea kuisha, na Desemba 2022 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mkutano wa bara zima kuhusu punda, ulioandaliwa na ofisi ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia mifugo. Februari 2024, pale Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.

Fikiria hilo kidogo. Mwaka 1822 kulitaja punda bungeni kulikuwa kichekesho. Miaka 202 baadaye marais wa Afrika wamekaa mezani kumjadili, na hakuna aliyecheka. Kuna watu wenye huruma waliosaidia kumfikisha pale kwa ripoti zao, dawa zao na fedha zao. Lakini kilichoongeza uzito ni watu ambao bila punda maji hayafiki nyumbani.

Madumu manne ya Endabash

Turudi Endabash, maana makubaliano ya marais hayajashusha dumu hata moja kutoka mgongoni mwa punda.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Dumu moja ni lita 20, yaani kilo 20. Madumu manne ni kilo 80. Punda wa kwetu ni mdogo, wengi wana uzito wa kilo 150 hivi. Watu wa ustawi wa wanyama wanashauri mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Madumu mawili, sawa. Madumu manne tayari ni mateso, na akipandishiwa kilima bila pedi nzuri mgongoni, kidonda ni suala la muda tu.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo, kumpiga mnyama kikatili na kumzidishia mzigo ni kosa. Kwa hiyo kwa maandishi, dogo wa miaka 12 anayeswaga punda na madumu manne Endabash ni mkosaji, kama yule mchuuzi wa London. Kumrekodi na kumpandisha mtandaoni ni dakika moja. Matusi yatakuja yenyewe.

Lakini muulize kwanza kwa nini ni manne. Ni kwa sababu maji yako mbali. Akibeba mawili, itabidi aende mara mbili, na kengele ya shule haimsubiri. Punda na mtoto wamefungwa kwenye mkataba mmoja, na aliyeuandika hayupo kwenye klipu. Hapo kilio kinachotafuta mtu wa kumtukana kitampata mtoto. Kilio kinachotaka mgongo wa punda upone kitauliza kisima kiko wapi, mkokoteni unapatikana kwa shilingi ngapi, na afisa mifugo alipita lini mara ya mwisho.

Na haya si mambo ya kufikirika. Mkokoteni wenye magurudumu mazuri unamwezesha punda kuvuta zaidi ya anavyoweza kubeba, bila kuuchubua mgongo. Gunia lililojazwa majani makavu na kushonwa vizuri linakuwa pedi. Mkanda mpana wa kitambaa hauchani kifua kama kamba ya nailoni. Kanda ya kaskazini kuna mashirika, ASPA ya Arusha likiwa mojawapo, ambayo kwa miaka yamekuwa yakizunguka vijijini kutibu punda na kufundisha wenyewe vitu hivihivi. Kazi yao haina klipu za kusisimua. Ni mtu na ndoo ya maji ya chumvi anaosha kidonda, huku mwenye punda ameshika kamba na anaangalia ili kesho afanye mwenyewe.

Hii haimfanyi farasi wa Aintree astahili huruma ndogo. Maumivu ya mguu uliovunjika hayana uraia. Aliyelia kwa ajili ya Eight Belles hakukosea. Lakini tofauti ya wawili hawa ipo wazi. Mbio zikifutwa kesho asubuhi, tajiri atakosa kombe. Punda akiondolewa Endabash kesho asubuhi, mzigo hautatoweka. Utahamia kwenye kichwa cha mwanamke, kama ulivyowahi kukaa kwenye mabega ya wapagazi wa Bagamoyo. Ndiyo maana huwezi kumtetea punda wa pale bila kumtetea anayemswaga.

Pia kuna ile methali nyingine, kwamba shukrani ya punda ni mateke. Miaka 7,000 kazini, maji ya nani hayajawahi kubebwa naye, halafu eti yeye ndiye asiye na shukrani. Kama kuna upande unaodaiwa asante hapa, sio wenye kwato.

Kwa hiyo siku nyingine klipu ya farasi aliyeanguka ikipita kwenye simu yako, lia kama unalia. Halafu ukienda Karatu kwa mapumziko, ukiwa njiani kuelekea Ngorongoro na dirisha liko wazi, mwangalie punda anayekata barabara na madumu yake. Ni mangapi, mawili au manne? Na wewe unaishi mjini na bomba ndani ya nyumba. Kama ungekuwa wewe ndiye unayemswaga, kengele ya shule inagonga na mama anasubiri maji ya uji, ungempakia mangapi?